Mlango Namba Ishirini na Tano

Inspekta Kilian Hyera alikwisha kuwahoji wezi wa kahawa, wauza dhahabu bandia, na hata mwinjilisti mmoja aliyetoroka na kinanda cha kanisa. Lakini asubuhi ile ya Jumatano, katika ofisi ya Shirika la Afya Mwambao mjini Mbinga, aliwekewa mbele shahidi asiyekuwa na mdomo. Lilikuwa boksi la chuma chini ya meza, la kijivu, lenye vumbi, likinguruma kama paka aliyeshiba. Waliliita seva.

"Huyu ndiye anayesema barua zimetumwa?" aliuliza.

"Ndiye huyu, Afande," alijibu Sumaiya, akivuta kiti. "Na mimi nataka nijue alitumwa na nani kusema hivyo."

Sumaiya alikuwa binti wa mzee Adinani, muuza vitambaa ambaye ukoo wake ulitoka Kilwa. Yeye hakutaka vitambaa. Alifungua intaneti kafe karibu na soko, na mjini pale mtu akishindwa na kompyuta alikwenda kwake kabla ya kwenda kwa Mungu. Fundi wa ofisi, Bwana Urbani, aliyeandika programu yenyewe kwa mkono wake, alikuwa amepunguzwa kazi mwezi Januari wafadhili walipobana mkanda.

Kisa kilikuwa chepesi kukieleza. Jumamosi ya tarehe mosi Machi, Rosina, muuza dagaa wa Mbamba Bay, alipanda na matenga yake hadi gulio moja la upande wa Liparamba. Mbwa asiye na mwenyewe akatokea, akamrarua shavu na mkono kabla watu hawajamuua kwa mipini ya majembe. Sista Eliza, muuguzi wa zahanati ya shirika iliyoko huko huko Liparamba, alimwosha majeraha kwa sabuni robo saa nzima kama alivyofundishwa, kisha akapiga simu Mbinga kuomba chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbinga wakaandika ombi katika mfumo wao, ambao kazi yake ni kupeleka barua pepe kwa mtunza ghala wa shirika, Songea. Wakaandika tarehe tatu, wakaandika tena tarehe nane, na tarehe kumi na nne wakaandika mara ya tatu. Songea kimya. Na kila Eliza alipopanda mlimani kutafuta mtandao wa simu na kuuliza, alijibiwa lile lile: mfumo unasema imetumwa, subirini.

Barua imetumwa na haikufika. Shirika likawaita polisi, na kwa polisi hilo ni jina jingine la wizi. Hyera alianza kwa Rosina mwenyewe. Alimkuta amekaa kwenye benchi la zahanati, shavu limefungwa bandeji, akiwachekesha akina mama waliokuja kupima watoto.

"Barua yangu bado iko njiani, Afande?" alimuuliza. "Basi ina miguu mibovu kuliko yangu."

Kutoka hapo Hyera alikwenda Songea. Mtunza ghala, Abdulmajid, alikuwa amefungua duka lake la dawa karibu na stendi, maana siku hizi kila mwenye mtaji kidogo na ruhusa anafungua. Leseni ya duka ilikuwa ya tarehe kumi na mbili Februari. Na barua ya mwisho kutoka kwenye mfumo iliingia kwake lini? Jioni ya tarehe kumi na moja. Hyera hakuuliza zaidi. Chanjo alizozikuta kwenye friji ya ghala alizifungia kwa lakiri ya polisi ziwe kielelezo, akamweka Abdulmajid mahabusu, akarudi Mbinga anapiga mluzi.

Mluzi ulikatika Jumanne, alipojiuliza swali ambalo mpelelezi mzuri huanza nalo. Kama mtu yule alikuwa anaiba chanjo akaziuze dukani kwake, mbona friji ya ghala ilikuwa imejaa?

Alimpigia simu mkubwa wake Songea aombe chanjo zitoke. Mkubwa alikuwa na maelezo ya Hyera mezani.

"Umeandika mwenyewe kwamba barua zilifika na mtu akazificha. Kielelezo hakisogezwi, Kilian. Nithibitishie kwamba hazikufika, lakiri naiondoa dakika hiyo. Na usiniletee maneno. Niletee karatasi."

Alhamisi ilikuwa Maulidi. Ijumaa ilikuwa Ijumaa Kuu. Ofisi zingefunguliwa tena Jumanne ijayo. Daktari alimweleza Hyera bila kuzungusha kwamba chanjo ile husaidia kabla dalili hazijaanza, na zikishaanza hakuna hospitali duniani inayomrudisha mtu. Siku kumi na nane zilikuwa zimepita, na jeraha lilikuwa usoni, karibu na ubongo. Alikuwa na Jumatano moja tu, nayo ilikwisha kufika saa tatu.

"Tuanze," alisema.

"Seva yoyote ina daftari lake," Sumaiya alieleza, vidole vikikimbia juu ya kibodi. "Ikipiga chafya, inaandika. Hii hapa, tarehe tatu Machi, saa nne na dakika kumi na nne. Ombi limesainiwa. Limewekwa alama ya Imetumwa. Basi."

"Basi nini?"

"Hakuna kilichofuata. Haikuandika kwamba imefaulu, haikuandika kwamba imeshindwa."

"Na hiyo ya tarehe nane?"

"Vilevile. Ya kumi na nne, vilevile."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hyera alikwisha kukutana na mashahidi wa namna hiyo, wanaoeleza vizuri hadi mlangoni kisha wanasahau kilichotokea ndani. Dawa yao ni kumtafuta aliyewafundisha maneno.

"Huyu Urbani aliacha maandishi yake?"

Aliyaacha. Sumaiya aliyafungua, kurasa na kurasa za lugha ya kompyuta iitwayo Java, zimepangwa kama mashuka ya hospitali. Alisoma taratibu, midomo ikichezacheza.

"Mzee aliandika vizuri, haki ya Mungu. Sikiliza. Kwanza, weka alama ya Imetumwa. Pili, jaribu kutuma. Tatu, ukishindwa..."

"Ukishindwa?"

"Patupu, Afande. Mabano mawili, katikati hamna kitu. Kosa likitokea, programu inalikamata, inalimeza, inaendelea na safari. Labda alikusudia kurudi kupajaza."

"Ngoja. Anaandika imetumwa kabla hajatuma? Mtu gani mwenye akili anafanya hivyo?"

"Mimi," ilisema sauti ya mlangoni.

Alikuwa Mama Vitalia, karani wa masijala, ameshika chupa ya chai na vikombe vitatu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika kazi hiyo, na alijulikana Mbinga nzima kwamba hajawahi kupoteza hata bahasha tupu.

"Shikamoo, mama," alisema Hyera, akiinuka.

"Marahaba, Afande. Nimesikia unavyouliza. Barua ikishasainiwa na mkubwa, naiandika kwenye daftari la barua zitokazo. Naandika imetumwa, na tarehe. Ndipo naitoa kwa mhudumu. Ikishakuwa mkononi mwake, kwetu imekwisha kutoka. Urbani alikuja akaniuliza, mama, ninyi mnafanyaje? Nikamfungulia daftari. Akafanya kama tunavyofanya."

"Na mhudumu asipofika anakokwenda?"

"Hajawahi kutofika." Mama Vitalia alimtazama kana kwamba ametukaniwa mzazi. "Wendelin yule! Alikwenda na baiskeli mpaka Mbuji, mvua inanyesha, barua ameifunga kwenye nailoni kifuani. Akirudi ananiambia, mama, nimeiweka mkononi mwake mwenyewe."

"Yuko wapi nimhoji?"

"Alipunguzwa. Yeye na Urbani, siku moja."

Hyera alikunywa chai ile bila kuisikia ladha. Alikuwa ametafuta mwongo, akapata utaratibu. Neno lililomfunga Abdulmajid halikuwa na maana ya kwamba barua imekwenda. Lilikuwa na maana ya kwamba mkubwa ameweka sahihi.

"Sasa tumfungue mdomo," alisema Sumaiya. Aliongeza mstari mmoja, wa kuiamuru programu itoe hadharani maneno yote inayosemeshana na mashine ya kupokea barua kule kwenye kampuni ya intaneti. Kisha akatuma barua ya majaribio.

Mistari ilitokea kiooni mmoja mmoja, ikasimama. Walikaa wakiitazama. Dakika moja ikapita, na nusu nyingine.

"Inafanya nini?"

"Inagonga mlango. Kila mashine ina milango yenye namba. Barua zinazotoka hupitia namba ishirini na tano, tangu zamani. Inagonga, haifunguliwi. Haiambiwi hapana, haiambiwi karibu. Ona, imekata tamaa."

Alifungua dirisha jeusi na kugonga mwenyewe kwa mkono, mlango ule ule. Kimya. Akagonga namba mia tano themanini na saba. Jibu lilirudi papo hapo, lenye jina la kampuni na salamu.

"Wapo nyumbani," alisema. "Wamefunga mlango wa mbele, wanapokea wageni kwa mlango wa uani."

"Kwa nini?"

"Matapeli. Mlango ule walikuwa wanautumia kupitishia barua za ulaghai, kampuni nyingi zimeufunga. Anayetaka kutuma apite huku, ataje jina na neno la siri. Ofisi hii ilihama kampuni lini?"

"Mwezi wa kwanza," alijibu Mama Vitalia. "Hii mpya waliisifu ni rahisi."

Sumaiya alifungua faili la mipangilio, akafuta 25, akaandika 587, akaizima programu na kuiwasha. Akatuma. Ikagonga mlango wa ishirini na tano.

Alitazama tena faili. Namba aliyoifuta ilikuwa imerudi.

Hyera aliruka kitini. Hatimaye kitu anachokifahamu! "Kuna mtu anairudisha! Nani mwingine ana ufunguo wa chumba hiki? Kuna kompyuta nyingine inaingia humu?"

Alimwita mlinzi, akamhoji. Alimwita mhasibu, akamhoji. Alimaliza dakika arobaini za Rosina akiwatisha watu wasiojua seva ina rangi gani. Aliporudi, Sumaiya alikuwa amejishika kichwa.

"Hakuna mtu, Afande. Ni kosa langu. Programu yote imefungwa kwenye furushi moja, na kila nikiiwasha, seva inalifungua furushi upya na kufunika nilichoandika. Nimekuwa nabadilisha nakala. Asili yake iko ndani ya furushi."

Alibadilisha ya ndani ya furushi. Safari hii programu iligonga mlango wa uani, ikafunguliwa, ikaulizwa jina na neno la siri, ikakosa la kusema, ikatolewa nje. Sumaiya aliyachapisha mazungumzo yale yote. Hyera akayapeleka kwa faksi, kisha akapiga simu.

"Nimeiona," alisema mkubwa. "Inaonyesha leo haitoki. Tarehe tatu je? Wakili wa huyo Abdulmajid ataniuliza hilo, na mimi nakuuliza wewe."

Lilikuwa swali la haki, na hilo ndilo lililomuuma Hyera. Programu iliyomeza makosa yake yote haikuwa na kumbukumbu ya lini ilianza kuyameza. Ilikuwa saa saba kasoro. Alijiona kama mtu aliyesimama ng'ambo ya mto akimwona mwenzake anazama, na mtumbwi anao, ila ameambiwa alete kwanza hati ya mtumbwi.

Alipiga simu kwenye kampuni ya intaneti, Dar es Salaam. Walimwimbisha muziki wa kusubiri hadi salio likakaribia kwisha, kisha kijana mmoja akajibu kwa adabu nyingi. Ndiyo, mlango umefungwa. Hapana, neno la siri halitolewi kwa simu. Barua za kuthibitisha? Zinaandikwa, lakini mkubwa anayeziweka sahihi amekwisha kuondoka, sikukuu.

"Ila wateja wote waliarifiwa, mzee. Kwa barua ya rejesta, mwanzoni mwa Februari. Yenu ilikuwa kwa jina la Bwana Urbani, fundi."

Hyera aliishusha simu polepole.

"Mama Vitalia, Februari ilikuja hapa barua ya rejesta kwa jina la Urbani?"

"Ilikuja," alijibu bila kusita. "Tarehe saba. Niliisaini mimi."

"Iko wapi?"

Aliwaongoza masijala. Ukuta mzima ulikuwa wa visanduku vya mbao, kila kimoja na jina. Katika kisanduku cha Urbani kulikuwa na bahasha moja nene, safi, imepigwa muhuri wa kupokelewa. Haikuwa imefunguliwa.

"Ina jina lake," alisema Mama Vitalia. "Barua ya mtu haifunguliwi na mtu mwingine."

"Lakini alikwisha kuondoka, mama!"

"Aliniambia atakuja kuchukua vitu vyake. Nilikuwa namtunzia. Hata ningemtumia kwao, ila hatuna mhudumu tena."

Hyera alimtazama usoni jinsi alivyowatazama watu miaka ishirini na saba, akitafuta jicho linalokwepa. Hakuliona. Alikuwa mbele ya mtumishi mwaminifu kuliko wote aliowahi kuwahoji, na hakuwa na cha kumshtaki. Mama Vitalia ndiye aliyeanza kuelewa. Mkono wake ukapanda mdomoni.

"Afande, kumbe humu ndimo alimofungiwa yule mama wa dagaa?"

Aliitoa bahasha kisandukuni kwa mikono miwili, akamkabidhi Hyera, akageukia ukutani ili asione inavyochanwa.

Karatasi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba kuanzia saa sita usiku wa kuamkia tarehe kumi na mbili Februari, mlango namba ishirini na tano utafungwa kwa wateja wote, na kwamba asiyebadilisha mipangilio yake hataweza kutuma barua yoyote. Ya pili ilikuwa na jina na neno la siri.

"Kumi na mbili," alisema Hyera. Tarehe ile ile ya leseni ya duka. Kumbe ilikuwa sadfa tu, na juu ya sadfa hiyo alikuwa amemlaza mtu sakafuni siku mbili na kuziba friji. Aliona haya kiasi cha kushindwa kumtazama Sumaiya.

Karatasi ya kwanza ilikwenda kwa faksi. Ya pili ilikwenda kwenye furushi. Saa nane na robo mkubwa alipiga simu, akasema maneno mawili tu: "Nimeona. Naondoa." Saa tisa kasoro Sumaiya aliyachukua maombi matatu ya Rosina, akayatuma upya. Programu iligonga, ikataja jina, ikataja neno la siri, ikapokelewa. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Abdulmajid mwenyewe, aliyekwisha kuachiwa, ndiye aliyepiga simu kutoka ghalani.

"Zimeingia, Afande. Zote kwa mpigo, kana kwamba hazikugombana na mtu."

"Abdulmajid, mimi..."

"Utaniomba radhi siku nyingine. Kasha la barafu liko mkononi. Dereva wa shirika amekwenda kwao kwa sikukuu, naendesha mwenyewe gari la dukani. Niambie njia ya kushuka Mbamba Bay inapitika?"

"Ina matope. Nitakusubiri hapa Mbinga na gari la polisi, lina magurudumu ya kutosha."

"Inshallah," alisema Abdulmajid, na mlio wa injini ukasikika kabla simu haijakatika.

Sumaiya alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mama Vitalia alikuwa amekaa masijala, hakutaka chai. Hyera alisimama dirishani akihesabu njia kichwani: Songea mpaka Mbinga, Mbinga mpaka ziwani, ziwani kupanda Liparamba na mito imejaa. Wakivuka salama, saa nne asubuhi. Saa nne ilimtosha. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alijiruhusu kutumaini.

Saa kumi simu yake iliita. Ilikuwa saa ya Sista Eliza kupanda mlimani.

"Sista!" alipaza sauti kabla hajasalimiwa. "Dawa imetoka! Iko njiani hivi tunavyosema."

Upande wa pili kulikuwa na upepo tu.

"Sista, unanisikia?"

"Nakusikia, Afande. Tangu asubuhi hanywi."

"Hanywi nini?"

"Maji. Jana usiku alilalamika shavu linamwasha, nikasema ni kidonda kinapona. Leo nikimpa kikombe anakipokea vizuri, anataka kunywa, kikikaribia mdomoni koo linajifunga. Anakisukuma. Mchana nimefungua dirisha, upepo umemgusa usoni, amepiga kelele. Amezaliwa ufukweni, Afande. Ananiomba nimpeleke akaone ziwa, na kikombe kimoja hawezi kukitazama."

Hyera alikaa chini. Sumaiya alimwona rangi ya uso ikibadilika, akaacha kucheka.

"Kitabu changu cha chuoni ni cha zamani," Eliza aliendelea. "Wewe umezungumza na madaktari wakubwa. Walisema ikifika hapa inakuwaje?"

Alijua walichosema. Miaka yote aliwalazimisha watu waseme kweli wakati hawataki, leo zamu ilikuwa yake, na hakuweza.

Eliza akaelewa.

"Haya," alisema, sauti imeshuka. "Akili yake bado iko sawa. Vipindi vikimwacha anazungumza, anauliza watu wa nyumbani kwake. Nikirudi ataniuliza kama dawa imeondoka Songea. Nimwambie nini?"

"Mwambie imeondoka. Ni kweli, Sista. Imeondoka."

"Ataniuliza inafika lini."

Hyera alitazama saa ya ukutani, ingawa hesabu alikuwa nayo.

"Kesho. Saa nne asubuhi."

"Saa nne," alirudia Eliza. "Basi acha niteremke sasa, Afande, nikakae naye mpaka hapo."

Akakata.